Mpiga Picha Aliyeomba Radhi Kila Desemba

Habari ilinikuta nyuma ya nyumba, nimekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, nanyonyoa senene, panzi wetu wa kukaanga. Mwaka huu wameanguka wengi, Mungu ashukuriwe, na vidole vyangu vilikuwa vimejaa mabawa na miguu kiasi kwamba simu ilipoita nilimwomba mke wangu apokee. Akasikiliza. Akasema "eeh," akanyamaza, akasema "eeh" tena, kisha akaishusha. "Yule fundi wako wa picha wa Rubwera," akaniambia, "jana alilala mzima, leo hakuamka." Nikamuuliza fundi yupi, ilhali namjua fundi wa picha mmoja tu duniani. Mke wangu alivuta kigoda chake, akakaa upande wa pili wa ungo, tukaendelea kunyonyoa wote wawili, maana senene waliokwisha kushikwa hawangoji mtu amalize kuomboleza. Ungo ulipokaribia kwisha akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wake. Mwandikie kitu." Basi naandika.

Ninyi mnaonisoma siku zote mnanijua: nikitumwa maji kisimani napitia mnadani, kwa fundi baiskeli na kwenye kesi ya watu nisiowajua, ndipo nifike, na pengine ndoo nimeisahau njiani. Leo nitajitahidi kwenda moja kwa moja, kwa heshima ya marehemu. Jina lake silitaji. Wengi wenu mnalo tayari nyuma ya picha zenu za harusi, limepigwa muhuri wa bluu. Hakuajiriwa na mtu. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya safu ya maduka, hatua chache kutoka ofisi za wilaya, na humo alitengeneza karibu kila kitu ambacho watu wa huku hukitazama: picha za paspoti za walimu wapya, kadi za harusi, mabango ya makanisa, kalenda, lebo za asali, fulana za ukoo zenye sura ya bibi kifuani. "Bosi wangu ni yeyote anayeingia mlangoni," alikuwa akisema, "na akitoka, nimeachishwa kazi." Suruali zake zote zilikuwa na magoti mekundu, kwa kuwa hakuona aibu kupiga goti au kulala kifudifudi kwenye udongo ili ampate mtoto kwa usawa wa macho yake. Siku moja alipanda juu ya kichanja cha kuanikia kahawa ili apate ukoo mzima, kichanja kikavunjika, na picha ile ndiyo pekee ya ukoo ule ambayo watu wote wanacheka.

Sisi watu wa huku tukiona kamera tunakauka. Mtu aliyekuwa akicheka hadi magego yakaonekana anafunga mdomo, anashusha mikono, anasimama kama anayesomewa hukumu. Wapiga picha wengine hupiga kelele, "Tabasamu! Cheka kidogo, mzee!" na mzee ndio kwanza anazidi kuwa mti. Fundi wetu hakumwambia mtu acheke. Alikuwa akiuliza taratibu, huku akijifanya anafuta kioo cha kamera, "Vipi mzee, yule jirani yako bado anausogeza mpaka?" Hapo mzee analipuka. Macho yanawaka, mikono inaruka, uso unarudi kuwa uso wake. Mimi mwenyewe picha yangu mnayoiona hapo juu ya safu hii nilipigwa nikilalamika habari ya mbuzi wa watu.

Sasa niseme lile lililomtofautisha na mafundi wengine wote niliowahi kuwaona, wa picha, wa cherehani, wa nyumba na wa pikipiki. Mwaka ukifika mwisho, mafundi hutandaza mazuri yao. Hata maofisini ni hivyo. Nimehudhuria mikutano mingi nikasikiliza taarifa za mwaka: mafanikio kurasa nyingi, changamoto nusu ukurasa, na changamoto zenyewe zote ni mvua. Huyu bwana alikuwa na kaunta buku yenye jalada jeusi, na ndani yake hamkuwa na zuri hata moja. Kila Desemba alijifungia siku mbili, akaifungua kompyuta yake ya kukunja, akaipitia kazi ya mwaka mzima kuanzia Januari, picha baada ya picha, bango baada ya bango, na kila palipomkereketa aliandika mstari mmoja. Niliwahi kuisoma. "Harusi ya Kanoni. Mama mzazi wa bwana harusi hayumo hata picha moja." "Bango la pasaka. Malaika ana vidole sita." "Kipaimara. Nimemkata kichwa baba wa ubatizo." Akishaandika hakuishia hapo. Aliuanza mzunguko: nyumba kwa nyumba, Karagwe na Kyerwa, kwenda kwa kila aliyemharibia, kumwomba radhi na kuirudia kazi bure.

Lakini huku kwetu mtu haendi kuomba radhi peke yake. Ukienda peke yako umekwenda kugombana kwa sauti ya chini tu. Unachukua mtu mwenye mvi, yeye ndiye anayeanza kusema, wewe unatazama chini, na mkononi mna kitu cha kunywa. Ndipo akaja kwangu. "Shikamoo Tata," akasema, yaani baba kwa lugha yetu. "Nimesikia una mdomo." Nikamuuliza, "Nani amesema?" Akajibu, "Kila mtu niliyemuuliza." Nikaona haina haja ya kukata rufaa. Nimezunguka naye Desemba tatu. Ya kwanza tulianza vibaya: nyumba ya kwanza tulibeba rubisi, pombe ya ndizi, galoni zima, na kumbe wenyewe wameokoka. Mama mwenye nyumba alitazama galoni, akatutazama sisi, akasema, "Mmekuja kuomba radhi au kutafuta nyingine?" Fundi akachomoa kalamu, akaandika kosa jipya palepale mlangoni. Tangu siku hiyo tulibeba juisi ya ndizi ambayo haijachachuka, inayofaa kwa waliookoka, Walutheri, Wakatoliki na wenye maduka wetu Waislamu, isipokuwa mimi niliyekuwa nikiitazama kwa huzuni.

Kule Kanoni tulikwenda kwa kikundi cha kina mama wanaouza kahawa kwenye vipakiti. Walikuwa wamemwomba awachoree lebo. Naye, akitaka kuwapendeza, alitafuta picha ya kikombe cheupe, kina povu la maziwa juu, na juu ya povu kuna umbo la moyo, kama vile wanavyokunywa watu wa mijini. Alipowapelekea, mwenyekiti wao aliigeuza lebo huku na huku, akauliza, "Fundi, huu ni uji?" Wenzake wakaangua kicheko, lakini vipakiti vilikuwa vimeshachapwa, ikabidi waviuze hivyo hivyo, na wateja wao wazee, wale wanaotaka kahawa ya kutafuna, wakawa wanapita tu wakidhani ni unga wa lishe. Tulipofika na juisi yetu nilianza hotuba. Nilianzia kwa mababu. Nilipokuwa nakaribia kufika kwa baba zetu mwenyekiti akanikatiza: "Mzee, waitu, tafadhali, mababu tunawaheshimu, lakini tumeacha sufuria mekoni." Akafungua kifuko kidogo kilichosukwa, akamimina buni kavu, zile zilizochemshwa na majani ya kunukia, kwenye kiganja cha fundi. "Tafuna kwanza. Ukimaliza kutafuna ndipo uchore." Fundi akatafuna. Halafu akaomba mwenyekiti anyooshe mkono tena vile vile, akakipiga picha kile kiganja kikiwa na buni zake, mistari ya jembe na yote. Ndiyo lebo waliyo nayo hadi leo. Hakuna mzee anayepita tena.

Hayo yalikuwa makosa ya kuchekwa. Lipo moja ambalo hakulicheka, nalo ndilo ninalotaka kuwasimulia, lilitokea Songambele.

Kule alifariki mzee mmoja mkulima, mtu wa migomba na kahawa, hakuwahi kupigwa picha ila mara moja, ile ndogo ya kadi ya chama cha ushirika. Wanawe wakaileta Rubwera. Wakasema, "Fundi, baba alikuwa mkulima, lakini siku ya kuzikwa tunataka aonekane mtu." Mnajua wenyewe tulivyo. Mtu anaishi miaka yote na koti moja, akifa tunamtafutia tai. Fundi akafanya alivyoambiwa na akazidisha. Kichwa cha marehemu kilikuwa kimelala kidogo upande mmoja, akakinyoosha. Shavuni kulikuwa na kovu, akalifuta. Ngozi akaing'arisha. Akamvika suti nyeusi na tai nyekundu, nyuma akamtundikia pazia la bluu kama la waziri. Wana wakafurahi mno. Picha ikatangulia mbele ya jeneza, na ile ndogo ya kadi mtoto mkubwa akaiweka mfukoni mwa baba yake, ikashuka naye kaburini.

Mjane hakusema kitu siku hiyo. Baada ya matanga aliigeuza ile picha kubwa ikatazama ukuta. Wake wa wanawe walipomuuliza sababu, akawajibu, "Mimi ni mjane. Siwezi kulala chumba kimoja na mwanamume nisiyemjua." Neno lile lilisafiri. Dereva wa bodaboda alilifikisha Rubwera kama kichekesho, na watu walicheka sana pale kijiweni, isipokuwa mmoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta kuitafuta ile picha ya kwanza, kabla hajaigusa. Haikuwepo. Mimi mambo ya kompyuta siyajui, nilisoma kidogo na shule yenyewe ilikuwa haina hata madirisha, lakini alinielezea hivi: alihifadhi mpya juu ya ya zamani, ni kama kupaka chokaa juu ya ukuta ulioandikwa. Basi ule uso haukuwepo tena popote. Kwenye kaunta buku aliandika, "Songambele. Nimewapa mtu mwingine."

Tulikwenda kwa bodaboda, mshikaki, mimi katikati na galoni la juisi, yeye nyuma na begi la kamera mgongoni. Tulimkuta bibi uani, amekaa kwenye mkeka, anamenya ndizi kwa kupapasa. Alikuwa amenizidi umri kidogo, kwa hiyo nikamwamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba. Huyo nyuma yako ndiye?" Nikasema ndiye. Akakaza macho, akasema, "Mbona anafanana na watu wema?" Tukakaa. Nikakohoa, nikaanza: mgomba haukatwi bila kuacha chipukizi, na binadamu naye... Akainua kisu cha kumenyea, taratibu tu, bila hasira. "Mzee mwenzangu, mgomba naujua. Nataka kumsikia yeye."

Hilo si la desturi, na nilitaka kulieleza, lakini fundi alishaanza. "Bibi, nilikosea. Nilidhani heshima iko kwenye suti."

"Ile picha ndogo iko wapi?"

"Iko kaburini, bibi."

"Na ile iliyokuwa kwenye mashine yako?"

"Niliipaka juu. Haipo."

Bibi akaendelea kumenya ndizi moja hadi ikaisha, akaiweka kwenye sufuria. "Nina mtoto wa jicho," akasema, "macho yote mawili. Asubuhi naona, jua likipanda naona nusu. Wanasema nitapelekwa kufanyiwa matibabu, wanasema tu. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja, nimtazame vizuri kabla macho hayajafunga. Sasa nimtazame nani? Huyu mwenye tai?"

Mimi mwenye mdomo nilitazama galoni. Fundi ndiye aliyesogea, akatoka kwenye kiti alichopewa, akakaa chini ukingoni mwa mkeka. "Bibi, wewe kichwani bado unamwona?"

"Namwona kuliko ninavyokuona wewe."

"Basi nielekeze. Mimi nitakuwa mkono tu."

Akaifungua kompyuta pale mkekani, kati ya maganda ya ndizi. Yule mwungwana wa tai akatokea, ameng'aa kama sufuria mpya. Bibi akasogeza uso karibu kabisa na kioo. "Kwanza mrudishie weusi wake," akasema. Fundi akarudisha. "Ongeza. Alikuwa mtu wa juani huyu." Akaongeza. "Kichwa hakikusimama hivyo. Kililala kidogo, kama mtu anayesikiliza redio iliyo mbali." Fundi akakilaza. Jirani aliyekuwa akipita akachungulia, akaita jirani mwingine, na kabla galoni halijafunguliwa uani mlikuwa na baraza zima. Mmoja akasema masikio yalikuwa makubwa zaidi. Mwingine akasema hapana, masikio ni yale yale, ila kofia ndiyo iliyokuwa ikiyasukuma nje. Ilipofika kwenye kovu vikazuka vita. "Shavu la kushoto!" akasema jirani wa kwanza, "mimi nilikuwepo alipoanguka na baiskeli!" Wa pili akamjibu, "Ulikuwepo umelewa! Ni kulia!" "Wewe hata mkono wako wa kulia huujui, utajua shavu la mtu?" Fundi alikuwa ameshika kidole hewani, hajui akiweke wapi. Bibi akapiga mkeka kwa kiganja mara moja. "Nyamazeni. Nimelala upande wake wa kulia maisha yangu yote ya ndoa. Kovu lilikuwa linanitazama mimi. Weka kulia." Likawekwa kulia. Hakuna aliyeuliza tena.

Zikabaki nguo. Bibi akaingia ndani, akatoka na kanzu na koti la kahawia, vifungo vitatu vya aina tatu, lile alilokuwa akilivaa marehemu juu ya kanzu siku za sherehe. Fundi akasema, "Sasa bibi, koti peke yake halitakaa vizuri. Linahitaji mtu ndani." Nikaona macho yote yananigeukia. Nikasema, "Mimi?" Bibi akasema, "Si ulikuja kusaidia? Mdomo wako tumeukataa, toa mwili." Watu wakacheka mpaka yule jirani wa baiskeli akakaa chini. Nikavaa kanzu ya marehemu, nikavaa koti la marehemu, nikakaa kwenye kiti cha marehemu. Fundi akalala kwenye udongo kama kawaida yake. "Tata, usicheke." "Sicheki, koti linawasha." Bibi akaja kunirekebisha. Akaikunja kola upande mmoja, akasema marehemu hakuwahi kuinyoosha sawasawa, kisha akaupangusa mkono wa koti kwa kiganja, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, mara mbili, na vumbi halikuwepo. Hapo sikuwa na haja ya kuambiwa nisicheke.

Fundi akaunganisha kichwa na mwili. Jua lilikuwa linapanda, na bibi alishasema jua likipanda haoni vizuri, kwa hiyo tulianua shuka kwenye kamba, majirani wawili wakalishika juu yake kama hema, naye akainama chini ya kivuli kile mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akakaa hivyo muda mrefu. Nilisikia kuku wakichakura maganda. Kisha akaiambia ile picha, si sisi, "Ulikuwa wapi wewe?" Akaitazama tena, juu hadi chini. "Tumbo si lake," akasema. "Hilo ni la huyu mzee. Lakini liacheni. Nilitamani siku zote anenepe kidogo." Akainuka, akalifungua galoni kwa mkono wake, akammiminia fundi kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na wanaojua desturi wanajua kwamba kesi ilikuwa imekwisha. Picha ile ipo ukutani Songambele kwenye fremu ya mbao, inatazama watu. Kichwa ni cha marehemu, kutoka shingoni kushuka chini ni mimi. Nina uhakika mimi ndiye mwandishi pekee nchi hii ambaye bado yupo hai na mwili wake unaombewa.

Tuliporudi, karibu na Rubwera, fundi alimsimamisha dereva, akashuka, akaenda kukaa kwenye jiwe kando ya barabara. Nilidhani anaumwa. "Tata," akaniambia, "mimi kila siku nafuta makovu ya watu. Nimeyafuta mangapi?" Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia mkono wa kwanza, akaacha. Tangu siku ile, mtu akiingia chumbani mwake na kumwambia amwondolee kitu usoni, chunusi, mwanya, kovu, kipara, alikuwa anauliza kwanza, "Kuna mtu atakayekitafuta?" Wengine walikasirika wakaenda kwa mafundi wengine. Bibi harusi mmoja alifikiri, akasema, "Mwanya wangu ndio ulioniletea bwana harusi, uache." Chunusi alikuwa anafuta bila maswali. Hakuna anayetafuta chunusi.

Nami nimelifikiria swali lile mara nyingi. Zamani, nilipokuwa kijana, mpiga picha alikuwa akija siku ya gulio na kamera yake, unapigwa leo, unaipata picha baada ya majuma, na kwenye picha umefumba macho, lakini ni wewe. Siku hizi kila mtu ana simu, na simu zenyewe zimefundishwa adabu: zinakulainisha kabla hujaomba. Mjukuu wangu alinipiga, akanionyesha, nikamuuliza huyu kijana ni nani. Sizisemi vibaya simu. Fundi mwenyewe hakuzisema vibaya, alikuwa akiwaambia wanaolalamika kwamba simu imempa kila mtu kamera, na hilo ni jema, kazi iliyobaki ni kutazama. Ila nahofu kidogo kwamba tunajikusanyia picha nyingi kuliko mababu zetu wote, na siku tutakapotafutwa humo tusipatikane. Na hili si la picha tu. Fundi nguo anakubana kwapa, unavaa hivyo hivyo hadi nguo inachakaa, mkikutana sokoni mnasalimiana kwa furaha mno, kila mmoja akitazama pembeni. Mwashi anakuachia ufa, anahama mtaa. Sisi wenyewe waandishi tunakosea majina ya watu, kisha tunasema ni mashine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kosa la kazini halina kilio, ndiyo maana linakaa miaka, limetundikwa kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Tumemzika kwenye kibanja chake, kati ya migomba yake mwenyewe. Msiba wenyewe, Mungu anisamehe, ulikuwa na kicheko kingi, kwa sababu watu walikuja wakijivunia makosa aliyowafanyia. "Mimi alinikata kichwa!" "Mimi alinipa malaika wa vidole sita, na nilimkatalia asimrekebishe!" Mke wake amenikabidhi kaunta buku ya mwaka huu. Marehemu alikuwa ameanza kuiandika mapema, kana kwamba anaharakisha, na kurasa zake ni chache kuliko za miaka yote. Tutakwenda, mimi na mkewe, nyumba kwa nyumba, mwezi huu.

Ulipofika wakati wa salamu za rambirambi walisimama wakubwa, wakasema aliyokuwa ameyajenga na mchango wake kwa jamii. Mimi nilikuwa na hotuba yangu, kurasa mbili. Kabla yangu akasimama bibi wa Songambele, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Ule ugonjwa wa mtoto wa jicho umeshafunga jicho moja na nusu ya la pili. Akageukia sanduku, si watu. "Huyu fundi," akasema, "aliniharibia mume wangu." Mchungaji alitazama Biblia yake kana kwamba atapata humo la kusema. Bibi akapumua. "Kisha akarudi." Akaushika vizuri mkono wa mjukuu. "Wako wengi walioniharibia vitu. Sijui walipo." Akakaa.

Nikaikunja hotuba yangu. Funzo lilikuwa limeshasemwa na aliyelilipia, na mimi nawapelekea tu kama bodaboda. Kukosea kazi si aibu, kila mkono unaofanya kazi hukosea. Aibu ni kumwachia mtu kosa lako alitunze yeye. Mwaka unaisha. Kama kuna nyumba unayoipita kwa kuzunguka nyuma ya shule ili usionekane, nyumba hiyo unaijua, huna haja ya kaunta buku. Nenda, ungali na miguu na yeye angali na macho. Chukua mzee mmoja kwa ajili ya desturi, lakini mwambie anyamaze. Kaa chini, umuulize ilivyokuwa, kwa maana aliyekosewa ndiye anayeijua sura.